Mama mkwe, hawa si panya

Nilipoolewa, mama yangu hakunipa kitanda wala kabati. Alinipa simbilisi, wanyama wadogo wenye manyoya na wasio na mkia, wanaofugwa jikoni kwa nyama. Aliwabeba kutoka Lupembe ndani ya kikapu cha milulu, majike mawili na dume moja jekundu lenye paji jeupe, akawafungulia jikoni kwangu hapa Makambako, kisha akakaa kwenye kigoda akiwatazama wakikimbilia nyuma ya mafiga. "Sasa jiko lina wenyewe," akasema, akaomba chai.

Kwa mtu wa Njombe, Iringa au Mbeya hapo hakuna cha ajabu, maana wengi tumekua nao. Mtoto unatumwa kukata majani, na ukirudi unasikia miluzi kabla hujafungua mlango, kwa sababu wameshasikia majani yakichakarika mkononi. Ndiyo mifugo ya kwanza mtoto anayopewa akaambiwa hawa ni wako. Ng'ombe ni wa baba. Mbuzi ni wa baba. Hata kuku, akija mgeni wa baba anakamatwa na mama hajaulizwa. Simbilisi sijawahi kuona mwanaume akija kuwahesabu. Mama yangu alinunua chumvi, sabuni na madaftari yetu kwa hao hao, na hakupiga hodi kwa mtu kuomba ruhusa. Nalisema hili mapema kwa sababu ugomvi ninaousimulia kila mtu aliucheka, nami niliucheka, lakini nilijua ninachokitetea.

Mume wangu ni Mbondei wa Muheza. Kwao ni machungwa, minazi, kuku, mbuzi, na samaki wanaoletwa kutoka Tanga. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa jiko, viatu mkononi.

"Mke wangu, hawa wanauma?"

"Hawaumi."

"Wanapanda kitandani?"

Nikamwonyesha tofali mbili nilizozilaza pale kizingitini. Simbilisi si mrukaji wala mpandaji, na ukuta mdogo tu unatosha kumzuia. Akawatazama kwa muda mrefu, akavaa viatu vyake. "Basi sawa," akasema. "Ila mama asijue."

Miaka ikapita mama hajui. Tukapata mtoto wa kwanza, binti, naye akaanza shule akiwa na jike lake mwenyewe, mwenye mabaka meusi, anayeitwa Bi Harusi. Dume jekundu binti akalibatiza Mwenyekiti, kwa sababu lilikuwa likitembea likinguruma na kutikisa kiuno kila jike likipita. Madume yote hufanya hivyo, lakini yeye aliona hilo moja ndilo lina madaraka.

Nilipojifungua mtoto wa pili, mama mkwe akasema anakuja kumwona mjukuu. Ilikuwa Julai. Asiyeujua Julai wa huku, ni upepo wa Makambako usiokatika, na asubuhi nyingine jalidi imelala kwenye majani mpaka yanaungua yakawa ya kahawia. Alishuka kwenye basi na magunia mawili ya machungwa ya Muheza, mfuko wa nazi, na khanga tatu alizojitanda moja juu ya nyingine. Tukamvalisha sweta la mwanawe. Usiku ule alilala na soksi mbili mbili.

Mimi nilikuwa ndani ya arobaini, nimelala na kichanga, niliposikia alfajiri mlango wa jiko ukifunguliwa. Alikwenda kuniwashia moto anipikie uji, Mungu ambariki. Alichutama, akavuta kuni kutoka lundo la pembeni, na kuni zikachakarika. Sasa simbilisi hajui kuni na majani vinatofautianaje kwa sauti. Miluzi ikalipuka jiko zima kwa mpigo mmoja, kisha wakatoka kwenye giza, wote, wakamjia miguuni wakidai chakula.

Nilichosikia ni sufuria, halafu mwiko, halafu jina la Yesu. Mume wangu alimkuta mama yake amesimama juu ya kigoda, khanga amezikusanya magotini, mkono wa kulia ameshika mwiko wa ugali.

"Mwanangu, jiko lenu limevamiwa!"

"Mama, hao ni mifugo."

"Mifugo ya nani?"

Hapo mume wangu akanyamaza, na nikiwa kitandani nilijua ukimya ule maana yake. "Ni yangu, mama," nikajibu kutoka chumbani.

Ndipo ukaanza mjadala wa mkia. Binti yangu, ambaye kwake jambo hili halikuwa na utata wowote, alimbeba Bi Harusi akamgeuza nyuma mbele ya bibi yake. "Ona bibi, hana mkia. Panya ana mkia." Mama mkwe akainama akachungulia, maana hata akiwa na hasira ni mtu wa haki, akaona kweli hakuna mkia. Akafikiri. "Panya asiye na mkia," akasema, "ni panya aliyekatwa mkia."

Baada ya uji tukakaa kikao. Mama mkwe alitoa hoja zake kwa mpangilio, na lazima nizitaje kwa sababu hazikuwa za kijinga. Moja, mkojo wao unanuka. Mbili, mahali panapopikwa chakula cha watu hapapaswi kuwa na kinyesi cha mnyama, hata kiwe kidogo na kikavu namna gani. Tatu, huyu mtoto aliyezaliwa baada ya miezi michache atakuwa anatambaa, na mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni. Hiyo ya tatu niliipokea palepale. Wengi wetu tumelelewa nao uvunguni na jikoni tukapona, ila kupona kwetu si sababu ya kumlaza mtoto penye kinyesi.

Mume wangu akataka kura. Nikamwambia mali haipigiwi kura na asiye mwenyewe. Tukakubaliana banda la mbao lijengwe nje, limeegemea ukuta wa jiko upande wa mafiga ili lipate joto, limeinuliwa kutoka chini, na upande wa upepo uzibwe kabisa. Baridi kavu simbilisi anaivumilia. Upepo na unyevu vinamwua. Mama mkwe alilikubali banda, jina hakulibadilisha. "Hao panya wenu mtawahamisha lini?" alikuwa akiuliza kila jioni.

Mama yangu naye akafika kutoka Lupembe, na viazi, maharage na kuni za kuwashia. Wazazi hawa wawili wanaheshimiana sana, na ndiyo maana ugomvi wao ulikuwa mtamu kuusikiliza. Hakuna aliyepaza sauti. Waliketi mkekani wakichambua maharage.

"Mzazi mwenzangu, nasikia umetishwa na wajukuu zangu wa jikoni."

"Mzazi mwenzangu, sikutishwa. Nilishangaa. Kwetu hatujazoea kukaribishwa na panya."

"Hawa ndio wanaofukuza panya. Panya akisikia harufu yao haingii."

"Ana sababu gani ya kuingia, kama nafasi imeshajaa?"

Kaka yangu, ambaye ni mwalimu, akaona aokoe jahazi kwa elimu. Akaeleza kwamba wanyama hawa asili yao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kwamba watu wa Peru, Bolivia na Ecuador wamewafuga maelfu ya miaka na huwapika siku za sikukuu. Kwamba hata Kivu, mashariki ya Kongo, familia nyingi huwafuga ndani ya nyumba kama sisi. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa adabu. Ndipo kaka akatoa silaha yake kubwa. Mama mkwe ni Mwanglikana wa ndani kabisa, nyumba yao haiko mbali na Magila, ambako wamisionari wa UMCA, shirika la misheni la Kianglikana, walijenga kituo karne ya 19. Kaka akafungua simu akamwonyesha mchoro wa Karamu ya Mwisho uliomo katika kanisa kuu la mji wa Cusco, Peru, uliochorwa na Marcos Zapata katika karne ya 18. Yesu na wanafunzi wamekaa mezani, na katikati ya meza kuna sahani, na juu ya sahani kuna mnyama wa kuchomwa amelala chali, miguu juu. Watu wa huko husema ni simbilisi.

Mama mkwe akaomba miwani yake. Akaisogeza simu, akaivuta, akaisogeza tena. Jiko zima tulikuwa kimya.

"Huyo," akasema, "ni kuku."

Jioni ile kaka yangu alinijia na shauri: tumpikie mmoja kwa nazi zake mwenyewe, tumwambie ni sungura, akishakula tumwambie ukweli. Nilimkatalia, na hapo sikucheka. Mtu aliyekataa kitu waziwazi ukimlisha kwa hila, umemwondolea imani na kila sufuria ya nyumba yako. Nimeona familia ambayo wakwe hawali tena kwa watoto wao kwa mchezo wa namna hiyo. Mama mkwe alikula maharage yake kwa amani, nasi tukala tulichokula, na kila mtu alijua kilichomo katika bakuli lake.

Banda likaisha, wakahamia. Na wiki zilizofuata ndizo zilizobadilisha mambo.

Jalidi ilikuwa imeunguza majani yote ya karibu. Matembele yalikuwa yamekauka, kabichi za bustanini zimekwisha, na kilichobaki ni majani makavu na pumba za mahindi. Majani ya viazi mviringo yapo mengi huku, lakini hayo hatuwapi kwa sababu yana sumu kwao, na majani ya mparachichi vilevile. Yeyote anayetaka kufuga simbilisi katika nchi hii ya viazi na maparachichi aanze kwa kujua hilo. Basi wakawa wanakula pumba na nyasi kavu, na maji. Wanashiba, tumbo limejaa, lakini manyoya yakaanza kusimama. Kisha Bi Harusi akaacha kutembea. Ukimgusa goti la nyuma analia. Mwenyekiti naye, yule wa kutikisa kiuno, akakaa kwenye kona amejikunyata, hana habari na jike lolote. Nilipomfungua mdomo nikaona fizi zina damu.

Dukani kwenye dawa za mifugo tulishauriwa sindano ya penisilini. Kwa bahati nilimpigia kwanza afisa mifugo wa kata. "Usithubutu," akaniambia. Dawa za jamii ya penisilini huua vijidudu vizuri vya tumboni mwa simbilisi, vile vinavyomsaidia kusaga majani, na mnyama hufa siku chache baadaye wakati wewe unadhani umemtibu. Akaniuliza wanakula nini. Nilipomwambia akasema mara moja: kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi hawezi, na binadamu hawezi. Ng'ombe ukimlisha majani makavu miezi mizima hapati kiseyeye, simbilisi anaugua ndani ya wiki chache. Baadaye nilisoma kwamba ugonjwa huu ulianza kueleweka hivyohivyo. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakapata kiseyeye, na waliopewa mboga mbichi hawakupata.

"Mtafutie kitu kibichi," afisa akasema. "Machungwa unayo?"

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu, na simu ilikuwa kwenye spika.

Sijui nielezeje namna uso wake ulivyobadilika. Mtu wa Muheza usimwulize kama ana machungwa. Alitazama gunia lililobaki, akatazama upande wa banda, akatazama gunia. Nilikuwa najiandaa kuomba hata maganda.

"Kiseyeye," akasema polepole. "Wamekaa na machungwa ya Muheza nyumba moja, wakapata kiseyeye. Hii ni aibu yangu."

Akasimama. Akachagua chungwa, akalibonyeza, akalirudisha, akachukua lingine. Akalikata, akakamua kwenye kikombe, akachuja mbegu kwa chujio la chai, kisha akaniomba bomba la plastiki la kumpimia mtoto dawa, lile lisilo na sindano. Akamwambia binti yangu amshike Bi Harusi. Yeye mwenyewe hakumgusa siku ile. Alinyoosha mkono kwa mbali, ncha ya bomba kwenye pembe ya mdomo, tone moja, anasubiri ameze, tone jingine. Vijiko vidogo viwili vitatu hivi kwa kila mmoja. Na nyama ya chungwa akaikata vipande vyembamba akaiweka kwenye kifuniko cha ndoo.

Siku iliyofuata alimshika Mwenyekiti kwa kitambaa. Iliyofuata tena, bila kitambaa. Asubuhi ningemsikia anavaa sweta la mwanawe anatoka nje kwenye ule upepo anaouchukia, na kabla ya kuulizia kichanga anauliza, "Wagonjwa wangu wameamkaje?" Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama, hakuna aliyesema kitu. Mama yangu tu ndiye aliyeshindwa kujizuia. "Mzazi mwenzangu, hao panya wanaendeleaje?" Mama mkwe akamjibu bila kugeuka, "Mzazi mwenzangu, usimtukane mgonjwa."

Wakapona. Baada ya wiki moja Bi Harusi alikuwa anatembea, na baadaye akatuzalia watoto watatu. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuwaona, na hili ndilo lililommaliza kabisa, kwa sababu mtoto wa simbilisi si kama wa panya aliye uchi na kipofu. Mimba yake ni ndefu kwa mnyama mdogo hivyo, inapita miezi miwili, na mtoto anazaliwa ana manyoya, ana meno, macho yako wazi, na saa hiyohiyo anakimbia nyuma ya mama yake. Alinipeleka nikawaone, akihesabu kwa vidole kana kwamba mimi sijawahi kuona. "Wamezaliwa wamevaa!" alikuwa akirudia.

Mnadhani ugomvi uliisha. Arobaini yangu ilipotimia mama yangu alisema mzazi anahitaji supu, na kwetu supu ya mzazi inajulikana. Akaenda bandani akarudi amemkamata Mwenyekiti, sasa amenenepa kwa machungwa, manyoya yanang'aa.

"Mzazi mwenzangu, huyo unampeleka wapi?"

"Sufuriani."

"Huyo ni mgonjwa wangu."

"Amepona."

"Ndiyo sababu hachinjwi. Nani anamtibu mtu ili amle?"

"Sisi ng'ombe tunawatibu tukawala. Hata mbuzi zenu za Muheza mnazitibu."

"Mbuzi hajanywea bomba la mjukuu wangu!"

Mwenyekiti wakati huo ananing'inia mikononi mwa mama yangu, akitazama huku na huku. Mume wangu aliitwa. Wiki chache nyuma alikuwa akiombwa awatoe simbilisi kwa ajili ya mama yake, leo anaombwa awatetee kwa ajili ya mama yuleyule. Alikwenda sokoni akanunua kuku wawili, akamkabidhi kila mama wa kwake, akatoka kwenda kutazama mpira.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka dume lile libaki, na haikuwa supu. Lilikuwa limeshakuwa baba wa karibu banda zima, na majike wengi walikuwa mabinti zake. Hapo ndipo wafugaji wengi wa simbilisi wanapoharibikiwa bila kujua: watoto wanaanza kuzaliwa wadogo, dhaifu, wachache, na watu wanasema mbegu imechoka. Dume libadilishwe, na madume wadogo watengwe na mama na dada zao wakifika wiki tatu hivi, kwa sababu hawasubiri. Nikaamua tubadilishane na jirani, Mwenyekiti kwa dume lake jeusi. Mama yangu akaona ni busara. Mama mkwe akataka kwanza kujua huyo jirani ni mtu wa namna gani, anapenda supu kiasi gani, na akaenda mwenyewe kumkabidhi, na machungwa manne.

Alirudi Muheza mwezi wa tisa. Nyama ya simbilisi hakuila hata siku moja, wala sikumshawishi. Lakini tangu afike kwao simu zake hazipoi, na sasa ana ombi: anataka jozi. Nimemwambia ukweli kwamba Muheza ni joto, na simbilisi joto likipita nyuzi 30 anaanza kuhema, na likizidi anakufa. Kwamba banda lazima likae chini ya kivuli kizito, lipigwe na hewa, na maji yasikauke hata saa moja. Amesema kivuli cha michungwa kipo na majani mabichi yapo mwaka mzima, kuliko huku kwetu kwenye jalidi. Hilo siwezi kumbishia. Tumepanga mume wangu awapeleke Juni, kwa basi la usiku, kukiwa na ubaridi.

Kilichobaki ni baba mkwe. Alichukua simu mkononi mwa mkewe juzi akataka kuzungumza nami. "Mkwe," akasema, "nimesikia mnaniletea panya." Nyuma yake nilimsikia mama mkwe anaanza kumweleza habari za mkia, na za ule mchoro wa kanisani kule Peru, kwamba aliyelala sahanini ni simbilisi, yeye ameuona kwa macho yake.